Jino la kahawia si jino chafu

Hotuba ya daktari wa kinywa na meno kwa wazazi na vijana wa Usa River, mkoani Arusha, katika wiki ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, ambayo huadhimishwa 20 Machi.

Bwana Yesu asifiwe! Assalaam aleykum! Wazee wangu, shikamooni. Mheshimiwa diwani, walimu, viongozi wetu wa dini, itifaki imezingatiwa, maana nikianza kumtaja mmoja mmoja jua litatukuta hapahapa, na mahema yenyewe mnayaona hayatoshi.

Nimepewa mada ya kung'arisha meno na kuondoa madoa. Walionialika walisema wazi: "Daktari, hayo ya kupiga mswaki asubuhi na jioni wameshayasikia tangu darasa la kwanza. Zungumzia weupe." Sawa. Na kabla sijasimama hapa, kikapu kimepita mkaandika maswali kwenye karatasi. Nimeyasoma pale nyuma. Mengi yanauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: meno yangu yana rangi, nifanye nini yatakate? Mmoja ameandika kwa herufi kubwa, "NI DAWA GANI INATOA RANGI YA ARUSHA?" yaani ukahawia huu wa meno yetu. Hakuweka jina, lakini mwandiko ni wa mwanafunzi, na mwalimu wake yupo hapa mbele anacheka, nadhani ameshautambua.

Nitamjibu. Ila swali lake lina majibu mawili, na jibu la huyu ukimpa yule unamharibia jino. Kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Akina mama, kanga ikipakaa tope, unaifua, tope linatoka. Lakini lile ua lililochapwa kwenye kanga halitoki kwa sabuni. Ukilishupalia kwa brashi ya waya litafifia kweli, kwa sababu umeanza kutoboa kanga. Meno nayo yako hivyo. Kuna doa lililokaa juu ya jino na kuna rangi iliyo ndani ya jino lenyewe. Kusafisha na kung'arisha, kazi ninayoifanya kwenye kiti kila siku, kunatoa lile la juu tu. Anayekuuzia dawa ya kusugua ili itoke rangi ya ndani, ujue anakuuzia kusuguliwa kwa jino.

Tuanze na la juu, ndilo rahisi.

Ukitoka kupiga mswaki, ndani ya dakika chache tu mate yanakuwa yameshaweka utando mwembamba sana juu ya jino. Huo si uchafu, ni kinga, Mungu ameuweka. Lakini ndio unaoshika rangi. Chai ya rangi na kahawa zina tanini, zinang'ang'ania pale. Sigara na ugoro vinaacha rangi nyeusi ya lami, hasa upande wa ndani wa meno ya chini, ambako mtu hajiangalii kwenye kioo. Mirungi inaacha kahawia. Tambuu, kwa ndugu zetu wa Tanga na Unguja, inaacha wekundu ulioiva, na hapo niseme moja nje ya mada: ile popoo ya ndani ya tambuu inasababisha saratani ya kinywa. Rangi ndiyo hasara ndogo.

Kuna madoa mengine ya juu ambayo watu hawayatarajii. Dawa ya maji ya kuongeza damu anayopewa mtoto inaweza kuyapaka meno weusi. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ile tunayowapa baada ya kung'oa au fizi zikivimba, mtu akiipenda akaendelea nayo wiki baada ya wiki, meno yanageuka kahawia na anarudi kwangu amekasirika. Na wapo watoto wenye mstari mweusi unaofuata ufizi kama umechorwa kwa kalamu. Mama anadhani ni kuoza. Ni bakteria wanaotengeneza rangi tu. Tunausugua unatoka, baadaye unarudi, tunausugua tena. Watoto wale mara nyingi hata hawana mashimo mengi. Msiwachape.

Halafu juu ya ule utando wa mate hukaa utando mwingine, wa bakteria. Huo usipoondolewa, unakaa siku kadhaa unaanza kunyonya madini ya mate na kuganda. Hapo ndipo inapopatikana ugaga. Wazee wengine wanauita ukoga. Ugaga ukishaganda mswaki hauuwezi hata ukisugua mpaka mkono uchoke, na kwa kuwa juu yake kunakwaruza, rangi ya chai na tumbaku inajificha humo vizuri zaidi.

Sasa mnapokuja kliniki, mnajua kinachotokea? Wengi wanakaa wamefumba macho. Kwanza tunatumia kifaa chenye ncha inayotetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde moja huku kikirusha maji. Hakichimbi jino, kinautikisa ugaga mpaka unaachia. Maji ni ya kupoza, kwa hiyo msishangae kulowa kidevu. Kama fizi zimevimba, damu itatoka. Damu hiyo inatoka kwenye fizi iliyokuwa mgonjwa kabla hujaja, na ugaga ukitoka fizi inatulia ndani ya siku chache.

Na hapa nalijibu swali la mzee mmoja, ameliandika vizuri sana: "Je, ni kweli kusafisha meno kunayalegeza?" Shikamoo mzee, popote ulipo. Hapana. Kinachotokea ni hiki. Mtu amekaa na ugaga miaka mingi, umeziba nafasi kati ya meno, na kwa chini umeshakula mfupa unaoshika jino. Siku tunautoa, ulimi unakuta nafasi mpya, na jino lililokuwa limeegemea ugaga linaonekana linacheza. Lilikuwa linacheza tangu zamani. Lililofichwa limefichuliwa, na afadhali lifichuliwe leo lingali linaokoleka.

Baada ya hapo ndipo kung'arisha kwenyewe. Kikombe kidogo cha mpira, laini, kinachozunguka polepole, kimetiwa mchanganyiko wenye unga wa pumisi, lile jiwe la volkano linaloelea majini. Sekunde chache kwa kila jino, mkono mwepesi. Ukikandamiza linapata joto na mgonjwa anaruka. Siku hizi ziko mashine zinazorusha maji na hewa pamoja na unga laini, aidha wa magadi ya kuokea au wa glisini, zinafika kwenye kona ambazo kikombe hakifiki. Mwisho jino linateleza ukipitisha ulimi. Raha yake mnaijua.

Lakini niwe mkweli kwenu, na wenzangu wenye kliniki wanisamehe. Kung'arisha ni urembo kwa sehemu kubwa. Jino lisilo na doa halihitaji kung'arishwa. Tunafundishwa kuchagua, tunang'arisha palipo na doa tukaacha pengine. Na uchambuzi mkubwa wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mkali wa fizi, kuja kusafishwa kwa ratiba ya kila miezi 6, hata miezi 12, kunaleta tofauti ndogo sana kwenye afya ya fizi, au hakuna, katika miaka 2 hadi 3. Hii haimaanishi msije. Mwenye fizi zinazotoa damu aje, mwenye ugaga aje, mwenye kisukari aje mapema kuliko wote. Ninachosema ni kwamba mtu akikuambia meno yako mazima lazima yang'arishwe kila mwezi, muulize kwa nini. Wewe mwenye chai yako ya saa nne na ya saa kumi, utando wa mate utarudi kabla hujafika nyumbani, na rangi ya chai itaufuata taratibu. Mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayokinga jino lisioze, ndivyo vinavyokufanyia kazi siku zote nisizokuona. Mswaki wa mti nao unafaa ukijua kuutafuna ncha ukawa nyuzi na kuzipitisha taratibu mpaka kwenye magego, si meno ya mbele tu ya kuonyesha watu.

Haya, tuje kwenye rangi ya ndani.

Zipo za aina nyingi, nitazipitia haraka. Jino moja la mbele limekuwa la kijivu, mwenyewe anakumbuka aliwahi kuanguka na baiskeli akiwa mdogo: kiini cha jino kimekufa, linatibiwa kwa ndani, halisuguliwi. Meno yote yana mistari ya kijivu au manjano iliyopita kama pete: mara nyingi ni tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, aliyoimeza utotoni au mama yake aliimeza akiwa mjamzito, ndiyo maana hatumpi mjamzito dawa hiyo wala mtoto wa chini ya miaka 8. Umri nao unaleta umanjano, kwa sababu tabaka la juu, enameli, linalika kidogo kidogo miaka ikienda na dentini ya manjano iliyo chini yake inaanza kuonekana. Wazee wangu, hilo si kosa lenu na wala si ugonjwa. Na kuna weusi wa kuoza, ambao ukiusugua unapoteza muda wa kuziba.

Iliyobaki ndiyo yetu. Ndiyo ile ya "rangi ya Arusha." Tuketi hapo.

Mnajua tunavyotaniwa. Ukishuka stendi ya Dar es Salaam, ukicheka tu, kondakta anakuambia, "Wewe ni wa Meru au wa Moshi?" Utani huo unauma, hasa kwa vijana. Ninawaona kliniki, wasichana wanaocheka wakiziba mdomo kwa mkono, wavulana wanaopigwa picha wamefunga midomo kama wana hasira. Na wengi wanakuja wakiamini kwamba wao ni wachafu. Wanasugua meno mpaka fizi zinarudi nyuma. Binti mmoja aliniambia anapiga mswaki mara tano kwa siku. Mara tano! Hakuwa na utando wa bakteria hata kidogo, meno yake yalikuwa safi kuliko yangu. Yalikuwa ya kahawia tu.

Rangi hiyo inatokana na floraidi. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ina floraidi nyingi. Maji yanapopita humo yanaiyeyusha na kuibeba mpaka kwenye chemchemi, mito na visima vyetu. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu vijiji vingi vingeambiwa havina maji kabisa. Sasa kiwango chetu nacho kimeshushwa hadi 1.5. Na ndani ya wilaya hii hii kuna vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara nyingi. Usidanganyike na macho. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanayong'aa kuliko yote kijijini yanaweza kuwa ndiyo yanayoongoza.

Nawasimulia kisa cha watu wa mbali kidogo, kwa sababu kinatuhusu. Mwaka 1901 daktari kijana aitwaye Frederick McKay, ametoka chuo juzijuzi, alikwenda kufungua kliniki mji wa Colorado Springs, Marekani, chini ya milima. Akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Hakuna kitabu kilichoeleza. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: wengine walisema ni nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. Alihangaika peke yake, mpaka mwaka 1909 bingwa mkubwa wa meno wa Marekani wa wakati ule, G. V. Black, akaja kuona kwa macho yake. Wakagundua jambo ambalo mimi naliona hapa kila siku. Mtu aliyezaliwa na kukulia pale ana rangi. Mtu aliyehamia akiwa mkubwa, meno yakiwa yameshaota, hana, hata akinywa maji yale miaka 30.

McKay akaitwa mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Huko waliomwita walikuwa wazazi. Akina mama walikuwa wameng'amua wenyewe kwamba madoa yalianza kwa watoto baada ya mji kuvuta bomba jipya la maji kutoka chemchemi ya moto iliyo maili 5. Maji yakapimwa, hakikuonekana kitu. McKay akawaambia: sijui kilichomo, lakini liacheni bomba hilo, tumieni chemchemi nyingine iliyo karibu. Wakaliacha. Baada ya miaka michache, watoto wadogo wakaanza kuota meno meupe. Jina la kile kitu lilikuja kujulikana mwaka 1931, pale mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya aluminiamu ya ALCOA alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, na kukuta floraidi tele. Lakini akina mama wa Oakley walikuwa wameshaondokana na tatizo lao kabla jina halijapatikana.

Angalieni vizuri: watoto waliokuwa wameshaota meno ya kahawia kule Oakley walibaki nayo. Kuliacha bomba hakukuwasafisha wao. Kuliwasaidia wadogo zao.

Kwa nini? Kwa sababu enameli inajengwa mara moja tu katika maisha, jino likiwa bado limefichwa ndani ya taya. Meno ya mbele ya ukubwani yanaanza kujengwa mtoto akiwa na miezi michache. Kipindi ambacho yanaumia zaidi na floraidi ni kati ya mwaka mmoja na miaka miwili na nusu hivi. Ikifika miaka 8 meno yote yanayoonekana mtu akicheka yameshakamilika. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, enameli inajengeka na vitundu vidogo sana ndani yake. Jino linapoota huwa jeupe kama chaki, si la kahawia. Ukahawia unaingia baadaye, polepole, chakula na vinywaji vinapojaza rangi kwenye vile vitundu. Ndiyo maana mama ananiambia, "Daktari, yalikuwa meupe, yameharibika alipofika darasa la tatu, atakuwa hapigi mswaki." Mama, mtoto anapiga mswaki. Rangi imeingia kwenye vitundu vilivyowekwa humo akiwa bado anatambaa.

Kwa hiyo kijana wangu wa herufi kubwa, sikiliza sasa. Pumisi yangu na kikombe changu cha mpira vitakupunguzia chai iliyokaa juu, utatoka na afueni kidogo. Rangi ya ndani itabaki.

Na wewe usiende kuitafuta njia ya mkato. Nimeona mkaa wa kusaga, nimeona majivu, nimeona mchanga mlaini wa mtoni. Vyote hivyo vinakwangua enameli, na enameli haina chembe hai, haioti tena kama ngozi. Unga wa mkaa unaingia mpaka chini ya ufizi na kukaa huko, unakuachia mstari mweusi mpya ambao hukuwa nao. Ndimu na limau ni mbaya zaidi. Uchachu unapimwa kwa pH, namba ikishuka uchachu umezidi. Enameli inaanza kuyeyuka uchachu ukifika pH 5.5, na maji ya ndimu yako karibu na pH 2. Unasugua ndimu na magadi ya kuokea, unasikia jino limekuwa laini, unafurahi. Umelainisha nini?

Halafu kuna zile chupa ndogo zinazouzwa minadani na stendi. Muuzaji anapaka tone kwenye jino moja, dakika mbili, anafuta, jino limekuwa jeupe na watu wanapiga makofi. Ile ni tindikali. Kilichoonekana ni enameli iliyounguzwa ikawa kama chaki, na kwa kuwa sasa ina vitundu vingi kuliko mwanzo, ndani ya wiki chache inanyonya rangi kwa pupa. Ukirudi, anakuuzia chupa ya pili. Ulaya nao walipita huko: vinyozi wao wa zamani walikuwa wanayakwaruza meno kwa tupa kisha wanayapaka tindikali ya nitriki. Wateja walitoka weupe, wakaishia vibogoyo.

Basi hakuna dawa? Ipo, tena nzuri, ila ina mahali pake na mipaka yake. Rangi ikiwa nyepesi, iliyokaa karibu na uso wa jino, tunaweza kutumia tindikali ya haidrokloriki hafifu iliyochanganywa na unga wa kusugua. Najua, nimetoka kuilaani tindikali sasa hivi! Tofauti ni kwamba fizi zimefunikwa kwa mpira, kiasi kimepimwa, na tunaondoa sehemu ndogo sana ya milimita moja, mara moja, kisha tunalipaka jino floraidi. Haifanywi kila mwezi. Kuna njia nyingine ya kupenyeza utomvu maalumu unaojaza vile vitundu, inafaa kwa madoa meupe. Kuna dawa za kupausha zenye peroksaidi, ambazo zinaingia ndani ya jino na kuvunja rangi bila kulikwangua. Kwa ukahawia mwepesi zinasaidia. Kwa madoa meupe ya chaki, siku za mwanzo zinaweza kuyafanya yaonekane zaidi. Meno yatasisimka na baridi kwa muda, halafu inapita. Jino lililozibwa au lenye kofia ya bandia halibadiliki rangi, kwa hiyo usije ukapausha yaliyobaki ukashangaa lile moja. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza kuuza dukani dawa yenye peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1, ya nguvu zaidi, mpaka asilimia 6, lazima ianzie kwa daktari wa meno, na si kwa aliye chini ya miaka 18. Fikirieni hilo mkiona pakiti zisizo na maandishi zinauzwa kwenye simu.

Rangi ikiwa nzito na enameli imeanza kumeguka, tunafunika: tabaka jembamba la plastiki ya kuzibia yenye rangi ya jino, au kofia. Ni gharama, sitawaficha, na plastiki ile inachakaa, itabidi irekebishwe baada ya miaka. Kijana aliyeamua kubaki na meno yake yalivyo hajakosea kitu. Meno ya floraidi nyepesi ni imara. McKay na Black waliliona mapema hilo pia, kwamba meno ya Colorado yalikuwa hayaozi ovyo.

Sasa nimebakiwa na akina mama na akina baba wenye watoto wadogo. Vijana mnaweza kupumzika, ingawa na nyinyi mtazaa.

Mimi naondoa madoa kwa kazi, lakini doa la floraidi linazuiwa jikoni, mtoto akiwa mgongoni. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata mama akinywa maji yetu haya. Miezi 6 ya kunyonyesha bila kumpa kitu kingine inamkinga. Hatari inaanza na uji. Hapo ndipo nawaomba mtenge maji ya mtoto. Sisemi nyumba nzima ibadilishe maji, najua bei na najua umbali. Ogeni, fueni, osheni vyombo kwa maji mliyonayo, floraidi haiingii kupitia ngozi. Lakini ndoo moja ya lita 20, yenye mfuniko, maji ya mvua au ya chanzo kilichopimwa, inamtosha mtoto mdogo kwa kunywa na kwa uji wake wiki nzima na zaidi. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Bati tunalo. Mvua za kwanza ziacheni zioshe bati, halafu kinga, halafu chemsha kwa ajili ya vijidudu.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Narudia kwa sababu naona vichwa vinatikisika. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki palepale, kwa hiyo yaliyobaki sufuriani yanazidi kidogo. Chujio la kauri la madukani halitoi, mkaa wa kuni hautoi. Kinachotoa ni mkaa wa mifupa ya wanyama iliyochomwa kwa utaratibu, na hapa hapa Ngurdoto tuna kituo kinachotafiti na kutengeneza vichujio hivyo. Kenya, kule Nakuru, Jimbo Katoliki limefanya kazi hiyo hiyo, maana Bonde la Ufa ni moja na adha ni moja. Chujio likifika nyumbani kwako kumbuka lina mwisho, mkaa ule unajaa, lazima ubadilishwe.

Na magadi. Hapa ndipo nagombana na mama mkwe wa kila mtu. Magadi yanayolainisha maharage na makande, na yanayotiwa kwenye kiburu, yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana, mengine hata kuliko maji yenyewe. Loweka maharage usiku kucha, yataiva. Kiburu chenye magadi wapikie watu wazima, meno yao yameshajengwa. Mtoto wa chini ya miaka 8 mpakulie kabla hujatia.

Kuna aliyeandika kwenye karatasi kwamba kwa sababu hiyo ameacha dawa ya meno yenye floraidi. Dada, usiache. Kwako wewe mtu mzima haiwezi kuleta rangi, na inakuzuia kuoza. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, kutoka miaka 3 hadi 6 punje ya njegere, usimamie mwenyewe, ateme, asimeze kwa sababu ina utamu wa stroberi.

Jambo moja ninalowaomba viongozi. Matege tunayoyaona kwa baadhi ya watoto wetu nayo yanahusiana na floraidi iliyozidi sana, inaingia mpaka kwenye mifupa. Kila kisima kinachochimbwa, kipimwe floraidi kabla ya kukata utepe, na namba iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kisima, kila mama aione. Mheshimiwa diwani, umeniitikia kwa kichwa, na watu wote hawa wamekuona.

Wenzangu wapo kwenye hema la bluu, wanaangalia vinywa bure mpaka saa tisa. Hawasafishi leo, umeme tulionao hautoshi kuendesha mashine, lakini watakuambia doa lako ni la juu au la ndani, na kama linahitaji pesa yako au halihitaji. Ukibeba maji yako kwenye chupa safi, andika jina la chanzo na kijiji, tutakusanya tukayapeleke yapimwe. Sasa nakaribisha maswali ya mdomo. Tuanze na yule bibi mwenye kitenge cha kijani, ameinua mkono tangu niliposema magadi. Shikamoo bibi, karibu.